Serikali ikilipia kuni, ilipie nini: tani, hekta au kisiki?

Kisiki_Busia (mwenye uzi)

Wandugu, habari za mvua. Huku Busia, upande wa Uganda, imenyesha wiki nzima, nimejifungia ndani na daftari langu la miti, kwa hiyo uzi huu utakuwa mrefu. Asiye na nafasi apite tu, simlaumu.

Nina ekari sita za kalitunsi, mkaratusi kwa wasiojua Kiganda. Nilipanda mwaka 2018 kwa hela yangu ya kustaafu na sikupata hata mia ya ruzuku. Ekari mbili nimeshakata nikawauzia wachoma matofali, na visiki vyake vinachipua vizuri. Sasa Jumapili iliyopita kwenye mkutano wa sacco yetu, kijana mmoja akasimama akasema serikali iwalipe wanaopanda miti ya kuni na wanaosambaza kuni, kwa sababu nchi nzima inapikia hizo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi sikupiga, na wazee wakaniuliza, wewe una shamba la kuni, mbona umenuna?

Nilinuna kwa sababu kijana hakusema atalipwa kwa kipimo gani. Hapo ndipo mambo yote yanapoharibikia.

Hoja yake ya kwanza naikubali kabisa. Karibu asilimia 90 ya nishati inayotumika Uganda inatokana na mimea: kuni, makaa, mabaki ya mazao. Si jikoni tu. Viwanda vya chai vinakausha majani kwa kuni, tumbaku inakaushwa kwa kuni, matofali, chokaa, pombe ya waragi, shule zenye watoto elfu moja wa bweni, magereza. Hata hivyo, kuni zikitajwa katika hotuba zinatajwa kama aibu ya kuondokana nayo, hazitajwi kama zao. Mtu wa kahawa ana bwana shamba. Mtu wa kuni ana askari wa misitu tu.

Tena si kweli kwamba serikali haijawahi kulipa. Mwaka 2004 ulianza mpango wa SPGS, ruzuku ya kupanda miti ya mbao, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Norway. Ulikuwa unamrudishia mpandaji karibu nusu ya gharama za kuanzisha shamba, na hakulipwa kwa maneno: ulipanda kwanza kwa fedha yako, mkaguzi akaja, akahesabu miti iliyo hai, akatazama palizi, ndipo ukalipwa, tena kwa mafungu. Ukiacha magugu, hupati kitu. Kwa macho yangu, ule ndio mpango uliowafundisha watu wa nchi hii kwamba mti unapaliliwa kama mahindi. Nendeni Mubende na Kiboga mkatazame.

Kasoro zake mbili. Lengo la mwanzo lilikuwa mbao, misonobari na mikaratusi ya magogo. Kuni za watumiaji wakubwa kama viwanda vya chai ziliingizwa baadaye, awamu ya tatu chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Na fedha zilimtaka mtu mwenye hekta nyingi, awamu za mwanzo kuanzia 25. Mwenye ekari sita kama mimi alibaki kuomba miche kupitia kikundi. Sisemi ilikuwa hila. Mkaguzi mmoja hawezi kuzunguka vipande elfu vya nusu ekari. Lakini kuni za nchi hii zinatoka kwenye hivyo vipande.

Sasa tazameni Wamarekani walivyofanya kinyume. Sheria yao ya kilimo ya 2008 ilianzisha mpango unaoitwa BCAP. Upande mmoja walimlipa mkulima hadi asilimia 75 ya gharama za kupanda mazao ya nishati, pamoja na malipo ya kila mwaka hadi miaka 15 kwa miti. Upande wa pili waliwalipa wasambazaji: ukipeleka tani kavu kwenye kiwanda cha kuchoma, serikali inaongeza dola juu ya kila dola ya mnunuzi, mpaka dola 45 kwa tani. Upande upi ulikimbiliwa mwanzoni? Wa tani, bila shaka. Kupanda kunangoja miaka, tani iko tayari uani. Viwanda vilivyokuwa vikichoma mabaki ya mbao tangu zamani vikaendelea kuyachoma yaleyale, sasa kwa hela ya serikali, na wenye viwanda vya chipubodi wakapiga kelele kwamba maranda na vumbi la mbao, malighafi yao, yanakwenda motoni. Mwaka 2010 malipo yakasimamishwa, kanuni zikaandikwa upya: taka za mbao zenye soko bora zaidi zikatolewa. Sheria ya 2014 ikashusha dari ya tani mpaka dola 20.

Sasa hamishieni mpango huo wa tani hapa kwetu. Nani atakuwa wa kwanza kuleta tani? Mwenye mche wa mwaka mmoja, au mwenye msumeno wa mnyororo na rafiki katika hifadhi ya msitu?

Mimi nasema hivi: serikali ilipie kisiki. Mti umepandwa, umekatwa, umechipua, machipukizi yamepunguzwa yakabaki mawili au matatu, mkaguzi anahesabu, unalipwa. Kisiki kilichochipua hakiwezi kuibwa msituni.

Nishambulieni.

DerevaFuso

Mzee Kisiki, shikamoo. Umesema rafiki katika hifadhi, nimecheka peke yangu hapa Karuma.

Mimi nilikuwa nabeba makaa toka Amuru hadi Kampala. Mei 2023 Rais akatoa Amri namba 3, biashara ya makaa kaskazini marufuku. Mnajua kilichofuata? Makaa hayakuisha, yalianza kusafiri usiku. Yakawa chini ya magunia ya mihogo, chini ya mbao. Kila kizuizi kina bei yake. Mwishowe mama wa Kampala analipia na hayo. Mimi niliacha, sasa nabeba mahindi, faida ndogo lakini nalala.

Kilichoniuma zaidi ni miyao, ile miti ya mafuta ya shea. Inachukua miaka mingi sana kuanza kuzaa, na wakina mama wa Acholi na Lango wanaitegemea. Makaa yake mazito, yanakaa motoni, basi ndiyo iliyokuwa inakatwa kwanza. Ukilipa kwa tani, mti mzito ndio utakaokufa kwanza. Hapo nakuunga mkono.

Umeme_Kwanza

Uzi mzuri, lakini mnapoteza muda. Ruzuku iende kwenye umeme. Kuna bei ya kupikia tangu 2022, ukivuka uniti 80 kwa mwezi, zinazofuata hadi 150 unalipa nafuu. Kuni ni mambo ya babu zetu.

Mwl_Posho

@Umeme_Kwanza, njoo shuleni kwangu saa kumi na moja alfajiri tupike posho, yaani ugali, ya watoto 900 kwa umeme. Bili utaitia sahihi wewe.

Kisiki_Busia

@DerevaFuso marahaba mwanangu. Na hesabu ya makaa ndiyo inayotisha. Tanuri la udongo la kienyeji, ukilifunika vizuri, kilo sita au saba za kuni zinatoa kilo moja ya makaa. Ukilifunika vibaya, hata kilo kumi. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Tanuri lenye bomba la moshi, lile wanaloita Casamance, linatoa makaa robo ya uzito wa kuni au zaidi likisimamiwa na mtu anayelijua. Kama kuna kitu kidogo cha kuruzuku bila kuharibu soko, ni hilo bomba. Bati tu.

Fundi_Boila

Salaam kutoka upande wa Fort Portal. Mimi ni mtu wa boila ya kiwanda cha chai, jina la kiwanda halina maana hapa. Mzee, kisiki chako nimekipenda, ila umesahau maji.

Mti uliokatwa leo, nusu ya uzito wake ni maji. Ukikaa umepasuliwa, umepangwa juu ya magogo ya kuutenga na udongo, umefunikwa juu na kuachwa wazi pembeni, baada ya miezi kadhaa ya jua unafika kama asilimia 20. Kilo moja ya kuni kavu hivyo inanipa joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni mbichi, kwa sababu ile mbichi inatumia moto wake yenyewe kuchemsha maji yake yenyewe.

Sasa sikiliza upuuzi. Tulipokuwa tunanunua kwa uzito, wasambazaji walileta kuni zinazotoa machozi. Wengine walizimwagia maji njiani, nimeona kwa macho yangu lori linachuruzika siku ya jua kali. Tukahamia kununua kwa rundo la mita moja kwa moja kwa moja. Wakaanza kupanga matawi yaliyopinda ili ndani kubaki hewa. Ukipitisha mkono katikati ya rundo unasalimiana na mwenzako wa upande wa pili.

Kwa hiyo hata Wamarekani wako waliosema "tani kavu" walijua wanachokisema. Neno "kavu" ndilo lenye kazi. Kifaa cha kupima unyevu kinaingia mfukoni, una misumari miwili unachoma kwenye gogo. Ukipima gogo lililopasuliwa upya, halidanganyi. Serikali ikitaka kulipia kitu, iviruzuku vibanda vya kukaushia. Paa tu, bila kuta. Mkulima angepata bei nzuri zaidi, na mimi ningechoma miti michache zaidi kwa chai ileile.

Ami_wa_Malaba

Hahaha, kusalimiana katikati ya rundo! Fundi umeniua.

Niongeze kisa cha Ireland Kaskazini, maana mtu akisema Wazungu wana mfumo huwa namrushia hiki. Mwaka 2012 walianzisha ruzuku ya wenye biashara wanaopasha joto kwa boila za kuni, hasa zile punje za mbao zilizoshindiliwa. Ulilipwa kwa kila uniti ya joto. Uingereza kwenyewe walikuwa na mpango kama huo, ila wao waliweka ngazi: ukishachoma saa kadhaa kwa mwaka, malipo yanashuka. Huko Belfast, Ireland Kaskazini, wakaacha kuweka ngazi. Na malipo yakawa makubwa kuliko bei ya kuni yenyewe.

Fikirini wenyewe. Kila ukichoma kuni za shilingi 100 unapewa zaidi ya 100. Utazima? Watu walipasha joto mabanda matupu. Ilifungwa Februari 2016, na Januari 2017 naibu waziri kiongozi Martin McGuinness akajiuzulu kwa sakata hilo, serikali ikaanguka. Walikaa miaka mitatu bila serikali ya jimbo. Wenyewe wakaliita "fedha kwa majivu".

Hapo si rushwa ya kizuizini kama ya DerevaFuso. Ni karani kusahau mstari mmoja katika kanuni.

Kisiki_Busia

Hicho sikukijua. Asante Ami. Fedha kwa majivu, nitakipeleka sacco Jumapili.

Bint_Bombo

Assalaam alaykum. Nimesoma toka juu hadi hapa, wanaume mnapima kuni vizuri sana. Hakuna aliyeuliza ardhi ya nani.

Huku Luwero wengi wetu tuko kwenye kibanja, kipande cha kukaa na kulima juu ya ardhi ya mailo, yaani ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Kupanda mahindi hakuna atakayekuuliza. Panda miti ya miaka sita uone: mwenye ardhi anatuma mtu siku ya pili, maana mti kwake ni kama kigingi cha mpaka. Mimi ni mjane. Nilipotaka kupanda miti ya kaliandra na nsambya pembezoni mwa kibanja cha marehemu, shemeji zangu walikaa kikao. "Huyu anapanda miti, anataka kukaa milele." Nilipanda hata hivyo, lakini mistari miwili tu, nikasema ni chakula cha mbuzi.

Na kweli ni chakula cha mbuzi. Kaliandra majani unawapa mbuzi, vijiti baada ya mwaka mmoja au miwili ni kuni za jikoni, haihitaji shoka, panga linatosha. Kinachokatwa kinarudi. Hakuna mkaguzi atakayekuja kuhesabu vijiti vyangu, lakini sijanunua kuni tangu mwaka juzi.

Mzee Kisiki, kwa heshima zote, mpango wako wa kulipia kisiki kilichochipua ni wa mtu mwenye hati na subira ya miaka sita. Mimi nakula lini?

Kisiki_Busia

Bint Bombo, wa alaykum salaam. Nimekaa na swali lako tangu magharibi. Sina jibu zuri. Nilipanda kwenye ardhi ya baba yangu na sikuwaza hata siku moja kwamba mche ni kesi.

Pengine ruzuku yako wewe ni karatasi. Makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwamba miti ni ya aliyeipanda hata kama ardhi si yake. Hiyo haigharimu serikali kitu ila muhuri.

Bint_Bombo

Muhuri wa LC nao una bei yake, Mzee. Lakini hapo umesogea.

Lonyu_Arua

West Nile hapa. Naona mnasema ruzuku, sisi tumepewa miche ya bure mpaka tumechoka. Tangu kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ifunguliwe Yumbe mwaka 2016, watu wengi sana walikuja kwa mara moja, kila familia inapika, na miti iliyokuwa jirani iliondoka. Si kosa la wakimbizi, mtu hapiki kwa mawe. Mashirika yakaleta miche. Malori ya miche. Kila mtu alipiga picha ameinama na mche.

Kiangazi cha kwanza mchwa wakala ya kwao, mbuzi wakala ya kwao. Kwa nini? Aliyelipwa alikuwa mwenye kitalu, kwa kila mche uliotoka getini. Hakuna aliyelipwa kwa mche uliofika Desemba ukiwa hai. Miche iliyopona kwangu ni ile niliyoinunua mwenyewe, kwa sababu iliniuma. Mikasia, yaani ile senna ya maua ya njano, inavumilia ukame wetu kuliko kalitunsi, na mchwa hawaipendi sana.

Mjukuu_wa_Kisima

Hizo kalitunsi zenu zinakausha visima. Kwetu Tororo chemchemi ya babu imekufa tangu jirani apande bondeni.

Kisiki_Busia

@Mjukuu_wa_Kisima, jirani yako amepanda pasipopandwa. Kanuni za mwaka 2000 zinataka mita 30 toka ukingo wa mto wa kawaida, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa. Bondeni na kwenye chepechepe kalitunsi inakunywa kama ng'ombe, hilo ni kweli na nisikubishie. Yangu yako mlimani kwenye changarawe, mahali ambapo hata mtama ulikuwa unanidharau.

Nami nikiri kosa langu. Ekari ya kwanza nilipanda mita tatu kwa tatu, miti 450 hivi, kama watu wa mbao. Kwa kuni ilikuwa upotevu wa ardhi. Ekari ya pili niliweka mbili kwa mbili, inaingia miti elfu moja. Ni myembamba, lakini haihitaji kupasuliwa sana na inakauka upesi. Fundi atanisahihisha.

Fundi_Boila

Mzee, myembamba ndiyo tunayoitaka. Gogo linalozidi paja la mtu mzima ni adhabu kwa vijana wa tanuru.

Mwl_Posho

Naomba nirudishe mjadala kwenye sufuria.

Shule yangu inanunua kuni kwa lori, mwanzo wa muhula, kwa bei ya mwenye lori. Mvua ikinyesha bei inapanda. Zinakuja mbichi, wapishi wanapuliza hadi macho mekundu, uji unachelewa, vipindi vinachelewa. Tulijenga jiko la kisasa lenye bomba, kwa ada ya wazazi, na kuni zimepungua karibu nusu. Lakini jiko hilo linachukia kuni mbichi kuliko jiko la mafiga.

Nimekaa natafakari: nina hela ya kuni kila muhula, ipo kwenye bajeti, haina ruzuku. Mwenye kuni anahitaji hela mwaka wa kwanza wa kupalilia na mwaka wa kukata, si katikati. Kwa nini nisimlipe nusu mapema? Hii nchi ina sheria ya misitu ya 2003 iliyoandika Mfuko wa Miti, ukakaa kwenye karatasi miaka mingi. Tukiusubiri, watoto wangu watakuwa na wajukuu.

DerevaFuso

Mwalimu, bodi ya shule itakubali kulipia kuni ambazo bado zimesimama shambani?

Mwl_Posho

Bodi ilishawahi kulipia basi ambalo halikufika. Kuni zilizosimama angalau zinaonekana.

Kisiki_Busia

Hapo umenishika. Nina ekari nne zimesimama, nimengoja bei ya nguzo. Mbili za machipukizi ziko mwaka wa pili, nimeyapunguza mwezi uliopita, na vile vijiti nilivyokata viko kwenye paa la banda la kuku vinakauka.

Jumapili nitasimama kwenye sacco niwaambie nimebadilisha neno. Nilikuwa nimesema serikali ilipie kisiki. Sasa naomba iruzuku paa la kukaushia kama alivyosema Fundi, ikague miche ikiwa hai Desemba kama alivyosema Lonyu, na LC aandike miti ni ya nani. Tani na uniti za joto isiziguse kabisa. Kijana aliyepigiwa makofi sijui atanitazamaje.

Mwalimu, shule yako iko mbali kiasi gani na Busia?

Mwl_Posho

Saa moja na nusu kwa Fuso, barabara ikiwa kavu. Nitumie ujumbe wa faragha. Leta mzigo mdogo kwanza, wa wiki moja. Na Fundi atuazime kile kifaa chenye misumari, maana sitapokea lori linalochuruzika, hata la mzee ninayemheshimu.

Fundi_Boila

Kipo. Nauli ya basi mtalipa nyinyi.

DerevaFuso

Alhamisi narudi mtupu toka Malaba. Mzee, pakia magogo yaliyonyooka.